Ruzuku Ndogo na Lugha ya Kiaymara

Kiaymara ni lugha ya wenyeji wa asili wa nyanda za juu za Bolivia, Peru na Chile. Katiba ya Bolivia ya mwaka 2009 iliitaja miongoni mwa lugha 36 za wenyeji zilizo rasmi. Lakini sheria huipa lugha heshima tu. Uhai huipata kwa wasemaji wake.

Mwaka 2007 shirika la Global Voices lilianzisha mpango wa Rising Voices, ili kuwapa ruzuku ndogo watu wasiosikika katika intaneti. Voces Bolivianas, kundi la mjini El Alto, lilikuwa mojawapo la kwanza kupewa, likafundisha vijana kuandika habari zao. Mwaka 2009 vijana wa mji huo huo waliunda Jaqi Aru, yaani “lugha ya watu”, wakafasiri habari kwa Kiaymara bila ujira.

Kila kitu kipya kiliwadai neno: ama kulikopa, ama kulibuni. Mashaka hayo twayajua sana katika Kiswahili. Yafaa basi tukumbuke ya kwamba ruzuku hulipia mafunzo na vyombo. Neno halidumu mpaka wenye lugha wamelikubali.