Paka Achukuapo Vitu vya Nyumbani

Katika nyumba nyingi za Sigor, huko Chepalungu katika Kaunti ya Bomet, paka hafugwi kwa ajili ya kupapaswa. Hufugwa kwa sababu ya panya, maana mkulima aliyekwisha kuvuna mahindi na kuyatia ghalani amjua adui yake. Lakini mlinzi huyo wa ghala ana tabia iletayo ugomvi. Soksi ya karani hupotea usiku, nacho kitambaa cha mama huonekana siku ya tatu uvunguni mwa kitanda. Na kabla hakijaonekana, mtoto au mtumishi wa nyumba amekwisha kuitwa mwizi. Kwa hiyo yafaa tujue asili ya jambo hili.

Wizi ni wa mtu ajuaye kwamba kitu si chake. Paka hajui hayo, yeye huwinda. Mwaka 2007 wataalamu waliochunguza chembe za urithi za paka wapatao 1,000 walionyesha ya kuwa paka wa nyumbani watokana na paka mwitu wa Mashariki ya Kati, jamaa wa karibu sana wa yule paka mwitu aishiye hata leo katika nyika za Narok, jirani na Bomet. Mnyama huyo huwinda peke yake, hasa jioni na alfajiri, na mara nyingi hulichukua windo kwa meno mpaka mahali pa siri, asije akanyang'anywa. Paka wetu, hata akishiba maziwa na ugali, hufuata desturi hiyo, kwa maana hamu ya kuwinda haitokani na njaa peke yake.

Tazama basi ni vitu gani vipoteavyo. Si sufuria wala jembe. Ni soksi, glavu, kitambaa, vitu vyepesi na laini viwezavyo kushikwa kwa meno. Huko San Mateo, California, katika Marekani, kulikuwa na paka aitwaye Dusty ambaye habari zake zilienea mwaka 2011. Alikuwa amechukua vitu zaidi ya 600 kwa majirani, na vingi vilikuwa taulo, glavu na soksi.

Paka jike ana sababu ya pili. Akizaa, huwaletea watoto windo lililokufa, na baadaye lililo hai bado, wapate kujifunza, naye huwaita kwa sauti ya namna yake. Hata asiye na watoto huweza kusikika usiku akilia hivyo, na soksi kinywani. Ama kalamu na vifungo, hivyo havifichwi hata kidogo: huvipigapiga kama panya akimbiaye, vikabingirika chini ya kabati, asivifikie tena. Na mwenye kumfukuza kwa kelele amfundisha mchezo mtamu.

Basi kitu kikipotea, tafuta kwanza uvunguni na nyuma ya magunia, ndipo uulize watu. Jioni mtoto na amvutie paka kitambaa kilichofungwa kambani, kisha kamba iwekwe mbali. Uzi wa mshonaji, hasa wenye sindano, ufungiwe sandukuni. Ulimi wa paka una miiba ielekeayo nyuma, na uzi ukiisha kuingia kinywani ni shida kuutema. Ukiona ncha yake ikitokea mdomoni au nyuma, usiivute, kwani uzi ulionaswa ndani ukikazwa huweza kukata matumbo. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku ile ile.