Ukibadilisha chujio la hewa, usisahau kabureta

PIKIPIKI yako imepungukiwa na nguvu, nao wenzako wa steji wamekushauri ung'oe chujio la hewa la kiwandani utie lile la wazi lenye umbo la koni. Umelinunua, fundi amelifunga, na sasa injini inanguruma kwa madaha. Lakini siku ya tatu inakohoa unapopunguza mafuta, inasitasita mlimani na inapata moto kuliko kawaida. Je, umeuziwa kitu kibovu?

La hasha! Ulibadilisha kimoja ukasahau mwenzake. Ili petroli iungue sawasawa, kila kilo moja huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa. Kabureta hupima petroli hiyo kwa jeti, yaani kipande kidogo cha shaba chenye tundu jembamba. Kiwanda kilichagua tundu hilo kulingana na chujio la zamani. Ukiongeza hewa na tundu libaki lile lile, petroli haitoshi. Injini ikizidi kupata moto, pistoni huweza kukwama au kutoboka. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kabla ya kutoa pesa, endesha kilomita chache, zima injini, iache ipoe, kisha ufungue plagi. Ikiwa ya kahawia, mambo ni shwari. Ikiwa nyeupe kama chokaa, petroli imepungua. Ikiwa nyeusi yenye masizi, petroli imezidi.

Halafu chunguza ni wakati gani inasumbua. Jeti ndogo huhudumia injini inaponguruma papo hapo au mafuta yakifunguliwa kidogo. Sindano hutawala katikati. Jeti kubwa hutawala ukifungua mafuta yote. Namba ya jeti ikiwa kubwa, tundu nalo ni kubwa. Kama yako ni 95, jaribu 98 au 100, usirukie 120. Kwa sindano, klipu yake ikishushwa ngazi moja, sindano hupanda na petroli huongezeka. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, kisha utazame plagi tena.

Usikubali fundi apanue tundu kwa waya. Likishapanuka halirudi, na ile namba huwa haisemi kweli tena.

Usiige namba ya rafiki pia. Nyahururu iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Jeti inayofaa pwani huenda ikamwaga petroli bure huko juu.

Msomaji mpendwa, kuna swali moja ambalo wengi hawajiulizi. Je, unalihitaji kweli chujio hilo? Pikipiki ndogo ya kubebea abiria huongezewa nguvu kidogo tu, ilhali chujio la wazi hufikiwa kwa urahisi na vumbi na maji ya mvua. Ikiwa pikipiki hiyo ndiyo karo ya watoto na unga wa jioni, usiifanyie majaribio. Anza kwa kufungua lile chujio la zamani ulitazame. Huenda limejaa vumbi tu, na kulisafisha au kununua jipya la aina ile ile kukarudisha nguvu zote, bila kugusa kabureta.