Fundi, programu uliyowekewa ni ya halali?

Idi inapokaribia, taa za mafundi cherehani wa Shinyanga, Kahama na Geita hazizimwi mapema. Zipo kanzu za kudarizi shingoni, sare za madrasa, na ovaroli za wafanyakazi wa migodini zinazohitaji nembo kifuani. Mashine ya kudarizi haijui kuchora. Hufuata faili lililotengenezwa kwenye kompyuta, linaloiagiza kila mchomo wa sindano uangukie wapi na uzi ukatwe lini.

Programu za kutengenezea mafaili hayo, kama Wilcom ya Australia, zina bei inayomlemea fundi anayeanza. Hapo ndipo hutokea kijana mwenye flashi, akamwekea nakala ya wizi kwa fedha kidogo. Mara nyingi sharti lake la kwanza ni kuzimwa kwa kinga ya virusi. Huko ni kumwondoa mlinzi mlangoni ili aingie mgeni usiyemjua.

Virusi vya jamii ya STOP/Djvu vimeenezwa sana kwa njia hiyo. Hufunga mafaili yote, kisha wenye navyo hudai fedha ili wayafungue. Fundi hupoteza michoro, vipimo na orodha ya oda, ilhali malipo ya awali ameshayapokea na kuyanunulia kitambaa. Amana ya watu imegeuka deni, na ada ya watoto ndiyo itakayolilipa.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, inayosimamiwa na COSOTA, inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu. Nalo Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait cha Disemba 1988, liliamua kwamba haki za utunzi na ubunifu zinalindwa kisharia, na haijuzu kuzivamia.

Njia ya halali ipo, tena bila malipo. Ink/Stitch, inayofanya kazi ndani ya programu ya kuchorea ya Inkscape, hutoa mafaili ya DST yanayosomwa na mashine nyingi za kudarizi. Kujifunza kwake kunahitaji subira ya majuma kadhaa. Anayeanza leo, na ahifadhi pia nakala ya kazi zake kwenye diski isiyoachwa ikiwa imechomekwa, ili Idi ijayo imkute na oda za watu zikiwa salama.