Homa ya Bonde la Ufa: Ugonjwa Uanzao Zizini

Tengeru ipo kusini mwa Mlima Meru, kando ya barabara itokayo Arusha kwenda Moshi. Hapo kipo chuo kinachofunza wataalamu wa mifugo. Kazi ya wataalamu hao haihusu afya ya wanyama peke yake, kwani virusi kadhaa vienezwavyo na mbu au kupe humshambulia mnyama kwanza, kisha binadamu.

Mfano ulio dhahiri ni homa ya Bonde la Ufa. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu mwaka 1931 nchini Kenya, baada ya kondoo wengi kufa karibu na Ziwa Naivasha.

Je, virusi vyake hujificha wapi wakati wa kiangazi? Baadhi ya mbu wa jamii ya Aedes hutaga mayai katika udongo wa mabonde yanayojaa maji kwa msimu. Mbu jike mwenye virusi huweza kuvirithisha kwa mayai yake, nayo hustahimili ukame kwa miaka kadhaa. Mvua kubwa inapofurika mabonde hayo, mayai huanguliwa kwa wingi, na mbu wapya huwaambukiza ng'ombe, mbuzi na kondoo. Kisha mbu wa jamii nyingine hunyonya damu ya wanyama hao na kuusambaza ugonjwa.

Ndivyo ilivyotokea baada ya mvua nyingi za mwisho wa mwaka 2006. Januari 2007 ugonjwa uligunduliwa miongoni mwa watu katika wilaya za kaskazini mwa Tanzania. Kufikia Juni, walioshukiwa kuugua walikuwa 511 katika mikoa 10. Kati yao 144 walifariki.

Watu wengi huambukizwa wanapochinja, kuzalisha au kushika mizoga ya wanyama wagonjwa. Aghalabu hupatwa na homa inayofanana na malaria, wakapona. Wachache hutokwa na damu, au huharibika ini, macho au ubongo.

Dalili ya kwanza, basi, huonekana zizini: wanyama wengi kutupa mimba kwa wakati mmoja, na vifo vya wana-kondoo. Chanjo ya mifugo ipo, lakini yafaa itolewe kabla ya mlipuko. Mfugaji anayetoa taarifa mapema, asichinje mnyama mgonjwa, na akachemsha maziwa, huilinda jamii nzima.