Riadha na Kuulinda Mwili Uliokwisha Kupungua

Kuupunguza unene ni kazi moja, na kuuzuia usirejee ni kazi nyingine iliyo ngumu zaidi. Kwani mwili uliopungua hauridhiki upesi na hali yake mpya, bali hubana matumizi ya nguvu zake, huku njaa ikizidi kumsumbua mwenyewe.

Jambo hili lilidhihirika huko Marekani, ambako wataalamu wakiongozwa na Kevin Hall waliwachunguza watu 14 waliokuwa wameshindana kupungua katika mchezo wa televisheni, na mwaka 2016 wakaeleza kwamba, ijapokuwa miaka 6 ilikwisha kupita, miili ya watu hao hata ikipumzika iliteketeza kiasi cha kalori 500 kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa, na wengi wao walikuwa wamerudiwa na sehemu kubwa ya uzito. Walakini wale waliofaulu kuuzuia usirejee ndio hao hao walioonekana kuzidisha mno harakati zao kila siku kuliko wenzao.

Ushahidi wa pili umo katika daftari lililofunguliwa mwaka 1994 na wataalamu Rena Wing na James Hill, ambamo huandikishwa watu waliopungua si chini ya kilo 13 na nusu, wakadumu hivyo kwa mwaka mmoja au zaidi. Katika kila 10 miongoni mwao, 9 hufanya mazoezi, kwa wastani wa saa moja kwa siku, na zoezi lililoenea zaidi ni kutembea kwa miguu, jambo lisilotaka ada wala ala.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba riadha peke yake hutosha kupunguza unene, maana jasho la saa nzima huweza kufutwa na chapati moja ya mafuta na kikombe cha chai ya maziwa yenye sukari. Kujizuia katika chakula ndiko kupunguzako unene. Riadha hufuata nyuma ikihifadhi misuli, ambayo aghalabu hupotea pamoja na mafuta kwa mtu ajinyimaye tu, na ikifidia nguvu ambazo mwili umeacha kuziteketeza.

Shirika la Afya Duniani limewausia watu wazima mazoezi ya wastani ya dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na mwenye kulinda uzito aliokwisha kuupunguza yampasa aukaribie ukomo wa juu. Basi msomaji na achague zoezi atakaloliweza hata mwakani, wala asiliache siku mizani impapo bishara njema, kwani hapo ndipo haja yake huanza.