Makaburi ya Wazee katika Nchi ya Kilosa

Katika nchi iliyoko baina ya Kilosa na Mikumi, kwao Wasagara na Wavidunda, na hata kaskazini kwa jirani zao Wakaguru, ambako ukoo hufuatwa kwa mama, makaburi ya kale hayakuwa mahali pa kulilia wafu tu, bali yalikuwa hati ya ardhi na shahada ya nasaba, isiyohitaji karatasi wala muhuri wa bwana shauri. Mzozo wa shamba ulipozuka, mwenye kuonyesha walipolala bibi na wajomba zake alikuwa na hoja nzito.

Kwa sababu hiyo, kabla ya mvua za kupandia, wazee wa ukoo wenye nchi waliamuru makaburi yafyekwe. Magugu yaking'olewa na udongo ukisawazishwa kwa jembe, mzee alimimina pombe ya nafaka na unga uliokorogwa kwa maji, akawaita marehemu kwa majina, akiwaomba mvua, rutuba na afya ya watoto. Ukame ama maradhi yakizidi, watu waliulizana ni nani aliyewasahau wazee. Na siku ya msiba, watani ndio walioshika kazi za maziko, wakifanya mizaha hata mbele ya maiti, wala mfiwa hakuwa na ruhusa ya kukasirika. Tena ilikuwa sharti awape ujira wao.

Uislamu, uliofuata njia ya misafara ya bara, ulileta sanda, mwanandani na kumlaza maiti akielekea kibla. Nao wamisionari wa Kianglikana wa Church Missionary Society (CMS), waliojenga Mamboya karibu na mwaka 1880, wakaleta msalaba. Walakini si haba waliosali msikitini au kanisani, kisha wakashika jembe kwenda kufyeka kwa wazee wao.

Pigo kubwa zaidi lilikuwa kuhama. Mashamba ya mkonge ya Kimamba yaliwaleta manamba kutoka mbali, na aliyefia huko alizikwa pasipo mjomba wa kumfyekea. Na katika miaka ya 1970, vijiji vya ujamaa vilipoundwa, wenyeji wengi waliacha makaburi katika mahame.

Leo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakiwezesha kijiji kutoa hati ya hakimiliki ya kimila. Ni jambo jema. Lakini kamati ipimayo mipaka ingefanya insafu kama ingewauliza wazee kwanza makaburi yako wapi, ndipo ipige kigingi.