Dumuzi ghalani, njaa mlangoni

Mwaka jana nilikwenda kijijini kumjulia hali shangazi yangu. Alinipeleka kwenye kihenge chake, akaingiza mkono kati ya magunzi, akautoa umejaa unga. "Mwanangu," akasema, "mwaka huu mashineni siendi. Mahindi yamejisaga yenyewe." Tulicheka, lakini mavuno yalikuwa bado miezi mitano.

Msagaji yule ni dumuzi. Mdudu huyu si mwenyeji wetu. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Hapa Tanzania alianza kujulikana mkoani Tabora, kati ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwaka 1981, na wakulima wakambatiza jina la lori, Scania. Mwaka 1983 alikwishavuka mpaka na kuingia Taveta, Kenya. Uchunguzi uliofanywa Tabora katika miaka hiyo ulikuta mahindi mengine yamepoteza hadi asilimia 34 ya uzito kwa miezi michache tu ghalani. Yaani katika magunia 10, zaidi ya 3 yameliwa na mdudu.

Kwa nini mbinu za wazee wetu zimeshindwa? Wazee walihifadhi mahindi na maganda yake, na hawakukosea. Ganda lililofunga vizuri humzuia fukusi. Dumuzi halijali. Tena hupenda punje zilizo bado kwenye gunzi, kwa kuwa zimeshikana na humpa egemeo anapotoboa. Kinga ya jana imekuwa karamu ya leo. Isitoshe, hula makopa ya muhogo na hutoboa hata nguzo za ghala.

Basi tufanye nini? Kwanza, tukaushe mahindi vizuri. Tia punje na chumvi kavu katika chupa kavu, utikise. Chumvi ikiganda kwenye chupa, rudisha mahindi juani. Pili, tupukuchue mapema, wala tusiyarundike na magunzi. Tatu, tusafishe ghala na kuteketeza masalia ya zamani kabla ya kuingiza mapya. Nne, tuchanganye dawa ya vumbi iliyoidhinishwa kwa nafaka, yenye viuatilifu viwili: kimoja cha fukusi, kingine cha dumuzi. Tufuate kipimo cha kwenye pakiti na muda wa kungoja kabla ya kula. Asiyetaka dawa atumie mifuko maalumu isiyopitisha hewa. Ikifungwa barabara, wadudu hufa kwa kukosa pumzi. Lakini mfuko ukitoboka, kazi ni bure.

Tunapozungumzia njaa, hutazama mawingu. Tusisahau kutazama vihenge, maana chakula kingi cha taifa hili kimo majumbani mwa wakulima. Shangazi amepukuchua mapema safari hii, na salamu zake ni fupi: mashineni atakwenda.